Umepotea Katikati ya Densi ya Kiskoti: Dalili, Chanzo na Tiba

Jioni yangu ya kwanza katika ukumbi wa densi ya Kiskoti, mwalimu alitamka neno moja, "set", nami nikasimama wima bila kutikisika. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba "set" ni kundi la watu 8 waliojipanga katika safu mbili zinazotazamana, na kwa kuwa tayari nilikuwa ndani ya kundi hilo, sikuona nilichotakiwa kuongeza. Mwenzi wangu, mama wa makamo kutoka Japani ambaye Kiingereza chake hakikukizidi changu, alikuwa akicheza kwa madaha pale pale aliposimama, mguu wa kulia kisha wa kushoto, huku akinipa ishara kwa macho kwamba nami nifanye hivyo hivyo. Yeye hakulipata neno hilo katika kamusi. Alijifunza kwa miguu. Mimi nilikuwa nimelisoma, na kusoma ndiko kulikonikwamisha.

Tangu siku hiyo nimewatazama wageni wengi wakikwama, na nimeona kwamba wengi wao hawakwamishwi na kutojua Kiingereza. Mjerumani hukwama mahali pake, Mfaransa pake, na Mmarekani, aliyenyonya Kiingereza pamoja na maziwa ya mama, wakati mwingine hukwama vibaya kuliko wote. Maneno ya densi hii yana sura ya maneno ya kila siku, lakini kila moja limekabidhiwa kazi maalumu ambayo haionekani usoni pake. Kazi hizo zilianza kusanifiwa baada ya mwaka 1923, pale Jean Milligan, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na Ysobel Stewart walipoongoza kuanzishwa kwa chama cha kuhifadhi densi hizi mjini Glasgow. Chama hicho kilipewa hadhi ya kifalme mwaka 1951, makao yake makuu yako Edinburgh, kina matawi Tokyo, Vienna, Budapest, Lyon na kwingineko, na kila mwaka huendesha shule ya kiangazi katika mji wa St Andrews. Istilahi zile zile za Kiingereza husikika katika matawi hayo yote, jambo linalomwezesha mtu wa Tokyo kucheza na mtu wa Lyon hata kama hawawezi kuagiziana chai. Gharama yake ni kwamba mgeni hupewa maneno ambayo hayawezi kufasiriwa kwa akili ya kawaida.

Kabla ya kuingia katika dalili moja moja, ibadilishe namna yako ya kuuliza. Ukimwuliza mzoefu, "Neno hili lina maana gani?", atakupa historia. Mwulize badala yake mambo manne: ni mkono gani au bega gani linalohusika, natazama upande gani, naishia mahali gani, na nina vipimo vingapi vya muziki vya kufika hapo. Kipimo hicho cha muziki ndicho wanachokiita "bar", na naomba radhi kwa niaba yao, kwa sababu sikio la Mswahili likisikia "baa nane" halifikirii muziki kwanza. Maumbo mengi, yaani ile michoro ambayo wachezaji huichora sakafuni kwa miguu yao, huchukua vipimo 8, na densi nyingi nzima huchukua vipimo 32, zikirudiwa mara 8 ili kila jozi ipate zamu zake za kuongoza. Ndiyo maana juu ya karatasi ya maelekezo utakuta "8x32", na mbele yake herufi moja inayotaja aina ya muziki.

Dalili: umefika ukumbini na buti za ng'ombe

Hili ni la haraka, ingawa limewatokea watu wazima wenye akili timamu. Jina la mtindo wenyewe kwa Kiingereza ni "Scottish country dancing", lenye neno "country" ndani yake, na Mkenya aliyezoea kusikia muziki wa country wa Marekani redioni kila Jumapili huona amealikwa kwenye gitaa na kofia pana. Mwingine hulichukua neno hilo kwa maana ya shamba, akadhani ni ngoma ya wakulima. Zote mbili si sahihi. Katika karne ya 18 densi hizi zilichezwa na watu wa tabaka la juu katika kumbi za mjini, mfano ukiwa zile Assembly Rooms za barabara ya George jijini Edinburgh zilizofunguliwa mwaka 1787. Vaa viatu laini visivyo na kisigino kirefu, na usihangaike kutafuta sketi ya Kiskoti kwa ajili ya darasa la kawaida.

Dalili: unasimama wakati wenzako wanaruka, au unaruka wakati wenzako wanajipanga

Chanzo ni "set", lile lililonikamata mimi. Likiwa nomino ni kundi, kwa kawaida jozi 4. Likiwa kitenzi ni kucheza papo hapo ukimtazama mtu fulani, kulia na kushoto, kwa vipimo 2 vya muziki. Kwa kuwa Kiingereza hakibadilishi umbo la neno hilo hata kidogo, na mwalimu hutoa amri zake kwa mkato, mgeni hana kiambishi cha kumsaidia. Sisi tumezoea kusikia "mme-", "m-" na "ki-" zikitupa habari kabla shina halijafika. Hapa shina huja uchi.

Tiba ni kusikiliza jirani za neno. Likitanguliwa na tarakimu ya jozi, au likifuatwa na mtu unayepaswa kumtazama, au likiunganishwa na kitendo kingine kama kuzunguka, basi ni miguu inayohitajika. Likitajwa pamoja na kuunda, kuhesabu au kukamilisha, ni kundi. Sikiliza pia wakati: nomino hutajwa muziki haujaanza, watu wakiwa bado wanatafutana ukumbini, ilhali kitenzi hutajwa mwalimu anapoeleza vipimo. Nimeona kigezo hiki cha wakati kikiwasaidia hata wale ambao Kiingereza chao kinaishia kwenye salamu.

Dalili: uliambiwa densi ni "reel", ukaisubiri "reel" ndani yake, haikuja

Hapa Mswahili ana nafuu kuliko Mzungu, mradi akumbuke lugha yake. Kwetu ngoma ni kile chombo kilichowambwa ngozi, ni mchezo wenyewe, ni hafla ya usiku kucha, na siku hizi kijana akisema ngoma mpya ya msanii fulani imetoka, anazungumzia wimbo. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu mazingira yanasema. Neno "reel" lina tabia hiyo hiyo. Ni aina ya muziki wa kasi. Ni densi yoyote inayochezwa kwa muziki huo. Ni sehemu ya majina ya densi. Na juu ya hayo yote ni umbo mahususi sakafuni, ambapo watu watatu au wanne hupishana kwa kufuatana katika njia inayochora tarakimu 8 chini, kama nyuzi za ukili zinavyopishana mkononi mwa msusi wa mikeka.

Mfano mzuri ni densi iitwayo The Reel of the 51st Division. Iliasisiwa na askari wa Kiskoti waliotekwa nchini Ufaransa mwaka 1940 na kufungwa katika kambi ya Ujerumani, na kilele chake ni mstari wa wachezaji unaokatiza kundi kishazari, kisha mstari wa pili unaokatiza upande wa pili, ili ionekane alama ya msalaba wa Mtakatifu Andrea uliomo katika bendera ya Uskoti. Muziki wake ni "reel", jina lake lina "reel", lakini ukilisubiri lile umbo la tarakimu 8 utasubiri mpaka bendi ifunge vyombo. Kinyume chake, katika The Dashing White Sergeant, ambayo huchezwa kwa watatu wakitazamana na watatu kuzunguka ukumbi mzima, jina halitaji kitu, lakini umbo lenyewe limo ndani.

Kuna tatizo dogo lililojificha chini ya hili. Umbo jingine huitwa kwa Kiingereza tarakimu ya nane moja kwa moja, "figure of eight", na mgeni huuliza kwa haki kabisa tofauti iko wapi, ikiwa njia zote mbili zinachora 8. Tofauti ni nani anayehama. Katika "reel" ya watatu wote watatu hutembea njia moja kwa wakati mmoja. Katika tarakimu ya nane wapo wanaosimama kama nguzo, na mwingine huwazunguka. Ukigongwa ubavuni ukiwa umesimama kwa heshima, ulidhani wewe ni nguzo.

Dalili: unaambiwa ushuke chini, na sakafu ni tambarare

Densi hii ina "top" na "bottom", na watu hupanda na kushuka bila ngazi. Juu ni upande wa bendi. Chini ni upande ulio mbali na bendi. Ikiwa muziki unatoka kwenye mashine, juu ni pale mashine ilipo, na ikiwa ukumbi una umbo la ajabu, mwalimu hutangaza upande wa juu, na kuanzia hapo mjadala umefungwa. Jozi ya kwanza ndiyo iliyo karibu na muziki. Wanaume hupanga safu bega la kushoto likiwa upande wa muziki, na wanawake hukabiliana nao bega la kulia likiwa upande huo.

Mtu aliyewahi kusafiri kwa jahazi hatapata taabu. Baharia husema goshini na demani, naye hutaja pande hizo kwa kufuata upepo unakotoka, bila kujali wewe umegeukia wapi. Weka muziki mahali pa upepo, na nusu ya maelekezo yatakaa sawa kichwani.

Pamoja na hili kuna jambo la wanaume na wanawake, ambalo huwatatiza wengi. "Second man" si lazima awe mwanamume. Ni nafasi, ya pili kutoka juu katika safu iliyo kushoto kwako ukiwa umeitazama bendi, au, kwa lugha nyepesi, safu ile ambayo bega la kushoto linaelekea bendi. Katika madarasa mengi wanawake ni wengi kuliko wanaume, kwa hiyo mwanamke hucheza nafasi hiyo na kuitikia jina hilo bila kinyongo. Mgeni anayemtafuta mwanamume wa pili kwa macho hupoteza vipimo 2 vya thamani.

Namba za jozi nazo huhama. Uliingia ukiwa jozi ya pili; baada ya jozi ya kwanza kumaliza zamu zake mbili na kushuka hadi mwisho wa safu, wewe sasa ndiye wa kwanza, na mwalimu akisema "ones" anakuita wewe. Namba ni ya kiti, haikuandikwa mgongoni mwa aliyekikalia.

Dalili: umekwenda kulia kama ulivyoambiwa, na umegongana na watu watatu

Hili ndilo tatizo linalostahili muda, kwa sababu linawapata hata waliokwisha kucheza miaka kadhaa. Maneno ya kulia na kushoto hutumika katika densi hii kwa namna nne ambazo hazikubaliani, na mwalimu anaweza kuzitumia zote ndani ya sentensi moja.

Ya kwanza ni mkono. Ukiambiwa kuzunguka na mwenzi kwa mkono wa kulia, unampa mkono wa kulia naye anakupa wa kulia, na nyote wawili mnazunguka kama mishale ya saa inavyokwenda. Hukuambiwa uende upande wa kulia. Ukijaribu kwenda huko, mkono wenyewe utakuvuta. Ya pili ni mwelekeo wa duara. Watu 6 wakishikana mikono na kuambiwa waende kushoto, nao pia huzunguka kama mishale ya saa. Soma tena mambo hayo mawili kwa utulivu, kwa maana hapo ndipo penye mtego: mkono wa kulia na duara la kushoto hutoa mzunguko ule ule. Nilipoambiwa jambo hili sikuliamini mpaka nilipoweka vikombe vinne vya chai mezani na kuvizungusha kimoja kimoja, vishikio vikielekea kati. Vishikio vikiwa kama mikono ya kulia iliyoshikana kati, vikombe vilikwenda kama saa. Na nilipovigeuza kama watu wanaotazamana na kuvisogeza kushoto, vilikwenda kama saa.

Ya tatu ni bega. Kupishana kwa bega la kulia maana yake mabega yenu ya kulia ndiyo yatakayokaribiana, kwa hiyo wewe mwenyewe hupita kidogo upande wako wa kushoto. Hapa mtu aliyelelewa Tanzania, Kenya au Uingereza, ambako magari hupita kushoto, ana bahati ya kipekee: mabega ya kulia ya madereva ndiyo yanayokaribiana barabarani, na mwili umekwisha kuzoea. Mjerumani na Mfaransa, ambao kwao magari hupita kulia, hukwepa upande mwingine bila kukusudia, na wawili wakikwepa kwa mazoea tofauti hukutana pua kwa pua.

Ya nne ni usemi ambao sijaona mgeni aliyeuelewa mara ya kwanza: kuvuta bega la kulia nyuma. Mtu husikia hivyo akadhani anaonywa kuhusu mkao wake, akanyoosha mgongo. Kumbe anaambiwa ageuke papo hapo kwa upande wa kulia, kwa kuwa bega la kulia likirudi nyuma mwili wote hugeuka huko. Tiba yake ni kulifanya kabla ya kulifikiria: simama jikoni, rudisha bega la kulia nyuma taratibu, uone pua yako inaelekea wapi.

Kwa ujumla wa namna hizi nne, jiulize mara moja tu: nimeambiwa mkono, bega, au njia? Ukishapata jibu la hilo, kulia na kushoto hujitatua zenyewe. Mwalimu asipotaja kimojawapo, mwulize. Wengine hukasirika kidogo kwa kudhani wamekwisha kusema, lakini huwa hawajasema.

Dalili: umeshuka katikati, na mwenzi wako ametoweka nyuma ya safu

Neno ni "cast". Kamusi itakuambia ni kutupa, ni kurusha nyavu, ni plasta ya mfupa uliovunjika, na ukiongeza "off" itakuambia ni kufungua kamba za chombo gatini au kumalizia ufumaji wa sweta. Katika densi ni kugeukia nje, kuupa mgongo uwanja wa kati, na kwenda nyuma ya safu yako mwenyewe. Mwenzako wa safu ya pili anafanya hivyo upande wake, kwa hiyo mnaachana na kukutana tena mbele. Kinyume chake ni "lead", ambapo mnashikana mikono ya kulia na kushuka au kupanda katikati pamoja.

Karatasi za maelekezo hufupisha mambo haya hadi yakafanana na simu ya maandishi ya zamani, ile iliyolipiwa kwa neno. Chukua mstari wa kawaida kama huu: "1s cross RH & cast 1 pl, 2s step up." Jozi ya kwanza, yaani wale walio juu kwa wakati huo, wanabadilishana safu wakipeana mikono ya kulia wanapopishana, hapo vipimo 2 vimekwisha. Kila mmoja wao sasa yuko upande wa mwenzake, anageukia nje, anapita nyuma ya mtu mmoja, na kusimama mahali pa pili. Vipimo 2 vingine. Wakati huo huo jozi ya pili inasogea juu kuelekea muziki ili kuwaachia nafasi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu mgeni aliye jozi ya pili huona sentensi inawahusu wengine, na "step up" kwake ni kupanda ngazi au, kama ni mtu wa ofisini, ni kuongeza bidii. Akibaki mahali pake, jozi ya kwanza hurudi na kukuta nyumba ina mtu.

Dalili: umemzungusha mtu asiye wako

Hapa ni "corners", na kona ya mpira wa miguu haitakusaidia. Kona katika densi hii ni watu. Jozi inayoongoza ikiwa mahali pa pili, katikati ya jozi tatu, kila mmoja wao akiutazama upande wa pili wa kundi huwa na mtu mmoja mbele kulia na mmoja mbele kushoto. Wa kulia ndiye kona ya kwanza, wa kushoto ndiye ya pili. Mwanamume hivyo humkuta mwanamke wa tatu kuwa kona yake ya kwanza, na mwanamke humkuta mwanamume wa pili. Tatizo huongezeka katika densi ambamo kona zenyewe huhama katikati ya mchezo, kwa sababu maelekezo yakisema kona ya kwanza huenda yanamaanisha mtu aliyeanzia hapo au mahali alipokuwa amesimama, na waandishi wa densi hawakubaliani kila mara. Mwulize mwalimu kabla ya muziki kama anataja mtu au mahali. Ni swali la heshima, na utashangaa ni wazoefu wangapi watakaotega sikio kusikia jibu.

Dalili: wewe ni Mfaransa na unacheka, au ni Mmarekani na huelewi kwa nini umekosea

Densi hii ilikopa Kifaransa kwa wingi, kisha ikakitamka Kiskoti. "Poussette" ni umbo ambalo jozi mbili hubadilishana nafasi zikiwa zimeshikana mikono yote miwili. Kwa Mfaransa wa leo ni kigari cha kusukumia mtoto mchanga. "Allemande" kwake ni mwanamke wa Kijerumani. "Pas de basque", ile hatua ya kucheza papo hapo katika muziki wa kasi, ni hatua ya Kibaski, lakini ukumbini herufi za mwisho humezwa, na Mfaransa husikia kitu kinachohusu soksi ndefu. Kumsaidia ni rahisi, kwa sababu anajua kwamba anacheka.

Mmarekani ni mgonjwa mgumu zaidi, maana hajui kwamba anaumwa. Katika densi ya kwao ya mraba, "allemande left" ni kuzunguka na mtu kwa mkono wa kushoto, basi. Katika densi ya Kiskoti, "allemande" ni mwendo wa jozi, mkono wa kulia wa mwanamke ukiwa umeshikwa juu ya bega lake na wa kushoto mbele. Vilevile kile wanachokiita "star" hapa ni "hands across", "do-si-do" yao hapa ni "back to back", na "hey" ya watatu ndiyo "reel" ya watatu tuliyoiona. Tiba kwa Mmarekani ni kumwomba ajifanye hajui Kiingereza kwa saa mbili. Wachache hukubali.

Na sisi hatujasalimika. Waskoti waliingia Kenya na misheni zao kiasi kwamba Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, inabeba jina lao kwa matamshi ya wenyeji, na mara nyingi husimuliwa kwamba Mwomboko, ngoma ya Wakikuyu inayochezwa wawili wawili kwa akodiani na karing'aring'a, kile chuma cha duara kinachogongwa, ilipokea kitu kutoka kwa wageni hao. Aliyezoea Mwomboko humshika mwenzi wake na kubaki naye. Densi ya Kiskoti ya leo humtaka amwachie mwenzi karibu kila baada ya vipimo 2 au 4, na "partner" hapa ni mtu uliyeanza naye, ambaye huenda usimguse kwa nusu ya muziki.

Dalili: ulielewa kila kitu, muziki umeanza, na hakuna anayesema neno

Aliyeanzia kwenye "ceilidh", hafla ya Kiskoti ya muziki na densi yenye jina la Kigaeli linalotamkwa takriban "keili" licha ya herufi zake, amezoea mtangazaji anayeita kila umbo wakati watu wanacheza. Katika mtindo huu tunaouzungumzia, maelezo hutolewa kabla, mara nyingine kwa kasi ya mnadi wa sokoni, kisha huja mlio mmoja wa bendi ambao ni wa kuinamiana kwa heshima, na baada ya hapo ni kimya. Ikiwa mlio ni miwili, wa pili ni kwa ajili ya jozi ya tatu na ya nne kuvuka na kubadilishana pande kabla ya kuanza. Mgeni aliye katika jozi hizo huinama mara ya pili, kwa adabu njema isiyohitajika.

Kwa hiyo ingia kwenye kundi ukiwa jozi ya tatu au ya nne, usikubali kusukumwa kuwa ya kwanza kwa ukarimu, na tumia mizunguko miwili ya mwanzo kutazama jozi iliyo juu. Iwapo hata hivyo utapotea, acha kutafuta neno ulilolikosa, kwa kuwa vipimo vyake vimekwisha pita. Rudi upande wako wa safu, simama mahali ambapo umbo linalofuata litaanzia, na mkono ukinyooshwa mbele yako, tazama ni wa kulia au wa kushoto, nawe utoe wa aina hiyo hiyo.